Gari likibebwa na brekdauni: Texas au California, upiganie kwa njia ipi?

Usiku wa matanga ya mzee wetu mmoja hapa Houston, watu walikuja wengi kuliko nafasi za maegesho za apatimenti ile. Saa nne hivi, sala ya mwisho ikiendelea, mtoto mmoja aliingia akamvuta baba yake shati: "Baba, gari letu halipo." Tulipotoka nje tukakuta hayapo manne. Hakuna kioo kilichovunjwa wala alama ya tairi. Brekdauni zilikuja na kuondoka kama paka jikoni.

Wenye magari wakaanza kubishana palepale. Wa kwanza alitaka kwenda yadi, yanakohifadhiwa magari yaliyovutwa, kugomba. Wa pili alisema tuite polisi. Wa tatu akasema tulipe yaishe, msiba hauna kesi. Wa nne, aliyewahi kuishi California, akaapa kwamba kule ukienda mahakamani unalipwa mara mbili. Kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo, ila hakuna aliyejua ukweli wake ni wa jimbo lipi na una muda gani kabla haujaoza.

Mimi nimeishi Oakland kabla ya kuhamia huku, na gari langu limewahi kubebwa kote kuwili. Hivyo nalinganisha nikiwa na kovu. Nazungumzia magari yanayovutwa kutoka maeneo ya watu binafsi: apatimenti, maduka, ofisi, makanisa. Gari lililobebwa barabarani kwa amri ya polisi lina sheria zake, silitaji hapa.

Kibao kwanza, hasira baadaye

Kabla ya kuomba lifti ya kwenda yadi, toka hadi barabarani, geuka, kisha ingia tena kwa miguu kama gari linavyoingia, simu mkononi. Unatafuta kibao. Wenye eneo hujitetea kwa kibao, na wewe utashinda au kushindwa kwa kibao hichohicho.

Texas inakielezea kibao kama fundi seremala anayeagiza mlango. Sura ya 2308 ya sheria iitwayo Occupations Code inataka upana usiopungua inchi 18 na urefu usiopungua inchi 24. Inchi 18 ni dhiraa moja, ile waliyopimia kitambaa wazee wetu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo hata kama huna futi, weka mkono wako kwenye kibao na umwambie mwenzako apige picha. Kiwe cha kitu kisichoharibiwa na mvua na jua, kimefungwa moja kwa moja kwenye nguzo au ukuta. Kibao kilichoegemezwa kwenye koni ya plastiki hakifai. Ukingo wake wa chini usiwe chini ya futi 5 wala juu ya futi 8 kutoka ardhini. Kimtazame dereva anayeingia, na kiwe upande wa kulia au wa kushoto wa kila lango, hata lile dogo la uchochoroni nyuma ambalo kila mgeni hupitia kwa sababu la mbele limejaa.

Kilichoandikwa juu yake nacho kimepimwa. Juu kuna mchoro mwekundu wa gari linalovutwa, wenye kimo cha inchi 4 au zaidi, kwenye weupe mtupu. Chini yake maneno ya kutangaza kwamba magari huvutwa, herufi nyeupe za inchi 2 juu ya wekundu. Halafu nani anaruhusiwa kuegesha, siku na saa ambazo uvutaji unafanyika, onyo kwamba gharama ni ya mwenye gari, na namba ya simu inayopokelewa saa 24. Soma hizo siku na saa kwa makini. Kibao kikisema uvutaji ni wa usiku na gari lako lilichukuliwa saa nane mchana, tayari una hoja. Zaidi ya hapo, kibao lazima kiwe kimekuwepo kwa saa 24 kabla ya gari kuvutwa. Kilichopigiliwa asubuhi hakiwezi kukubebea gari jioni ileile.

California ni mchache wa maneno. Kifungu cha 22658 cha Vehicle Code, sheria ya magari ya jimbo hilo, kinataka kibao kisichopungua inchi 17 kwa 22, herufi zisizopungua inchi 1, kionekane wazi kwenye malango yote. Kikataze watu wa nje kuegesha, kiseme gari litaondolewa kwa gharama ya mwenyewe, kiwe na namba ya simu ya polisi wa trafiki wa pale, pamoja na jina na simu ya kila kampuni ya kuvuta magari yenye makubaliano ya jumla ya maandishi na mwenye eneo. Basi. Rangi haitajwi, wala urefu wa nguzo.

Ukiniuliza ni jimbo gani kibao kinakusaidia zaidi, nitasema Texas bila kusita, kwa sababu kuna vitu vingi vya kupima na kila kimoja kinaweza kukosewa. Nimeshaona vibao vya Houston vilivyozungukwa na matawi ya mti hadi mchoro wa brekdauni ukaonekana kama ndege kiotani. (Florida nayo ina jambo moja ninalolipenda: herufi za kibao lazima ziakisi mwanga, maana magari mengi hubebwa usiku, na kibao kisichosomeka usiku ni cha kazi gani?)

Lakini usidanganyike kwamba kibao kikikosekana umeshinda moja kwa moja. Texas inaruhusu gari kuondolewa bila kibao likiwa limeziba njia ya zimamoto au njia ya kupita magari, au kama mwenye eneo alikwishakuonya ipasavyo. California nayo haidai kibao kwenye kiwanja cha nyumba ya familia moja. Ukiegesha mbele ya gereji ya jirani, hiyo ni juu yako.

Karatasi ambayo California inaijali kuliko kibao

Kama Texas ina kibao, California ina karatasi. Kule kampuni ya brekdauni hairuhusiwi kuzunguka tu usiku na kubeba inachokiona. Kwa kawaida inahitaji idhini ya maandishi kwa kila gari, iliyotiwa saini na mwenye eneo au mtu wake aliyekuwepo pale na kuhakiki kosa. Karatasi hiyo hutaja aina ya gari, namba za gari na namba ya chesisi, jina na cheo cha aliyetia saini, sababu, saa gari lilipoonekana kwa mara ya kwanza na saa idhini ilipotolewa. Idhini ya jumla, ile ya "mkiona lolote bebeni", inakubalika kwa mambo machache kama kuziba njia ya zimamoto, kusimama ndani ya futi 15 za bomba la zimamoto, au kuziba mlango wa kuingilia na kutokea.

Ukienda kulichukua gari, una haki ya kupewa nakala ya idhini hiyo kabla hujalipa. Idai. Mimi ya kwangu Oakland iliandikwa kwamba gari lilionekana saa sita usiku na idhini ikatolewa saa sita na dakika moja, wakati risiti yangu ya chakula ilionyesha nilikuwa nakula mtaa mwingine, gari langu likiwa nami, hadi saa sita na robo. Karatasi ile iliniokoa kuliko picha ishirini za kibao.

California ina jingine dogo lenye faida kubwa: eneo lililo wazi kwa umma bila malipo, kama maegesho ya duka, haliruhusiwi kubeba gari kabla ya saa moja tangu lilipoegeshwa, isipokuwa kwa mambo kama kuziba mlango, njia ya zimamoto au nafasi ya walemavu. Anayevunja hilo anadaiwa mara mbili ya gharama za kuvutwa na kuhifadhiwa. Kwa hiyo tunza risiti ya maegesho ya mwisho, ya mafuta, hata ya kahawa. Saa iliyochapwa juu yake ndiyo shahidi wako.

Ukiifuma brekdauni bado iko palepale

Hapa majimbo yanafanana kuliko yanavyotofautiana, na hapa ndipo watu hupoteza pesa kwa kutojua. Gari likiwa bado halijatoka kwenye eneo, una haki ya kulidai.

California ni wazi kabisa: gari ambalo bado halijatolewa kwenye eneo liachiwe mara moja na bila masharti. Ada kamili ya kuvuta haiwezi kudaiwa hadi gari liwe limetoka na liko safarini. Kama lilikuwa limeshafungwa kwenye brekdauni au kuinuliwa, wanaweza kukutoza hadi nusu ya ada ya kawaida. Texas nayo ina ada ya kushushiwa gari, ndogo kuliko ada nzima na yenye kikomo kilichowekwa na jimbo, na inadaiwa tu kama gari limeshafungwa kikamilifu. Kama dereva bado anahangaika na minyororo, hakuna cha kulipa.

Ushauri wangu hapa ni mmoja kwa majimbo yote: lipa hiyo ndogo, chukua risiti, shusha gari. Usiingie ndani ya gari lililoinuliwa, usisimame mbele ya brekdauni, usimshike dereva. Namjua kijana aliyetoka na kesi ya jinai kwa ajili ya ada ambayo angeimaliza kwa kadi ya benki. Dereva akikataa kushusha, piga simu polisi ukiwa umesimama pembeni, na piga video ya gari likiwa bado ndani ya lango.

Yadi: ulipe au uliache kama mgomo?

Lipa. Najua inauma. Rafiki yetu wa kwanza, yule wa kugomba, aliliacha gari yadi wiki nzima "kwa heshima yake", na kila siku ya heshima ilikuwa na bei. Majimbo yote mawili yanaruhusu ada ya kila siku, na deni likikua, gari lenyewe linaweza kuuzwa kulifidia. Kulipa hakukunyimi haki ya kudai baadaye. Kuna kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2013: mtu mmoja wa New Hampshire gari lake lilivutwa wakati wa theluji akiwa mgonjwa kitandani, akalazwa hospitali, akakatwa mguu, na kampuni ikalibadilishana gari lake na mtu mwingine bila kumpa hata senti. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria za biashara ya uchukuzi za serikali kuu hazizuii madai yake chini ya sheria za jimbo. Alishinda hoja, sawa. Ila miaka sita ilikuwa imepita, na gari alikuwa hana.

Hesabu ya siku ndiyo tofauti ya kuangalia. California: ukilichukua gari ndani ya saa 24 tangu lifike yadi, unalipa siku moja tu, hata kama tarehe imebadilika. Texas huhesabu siku hata isiyokamilika, ila hawawezi kukutoza zaidi ya siku moja kama gari limekaa chini ya saa 12. Kwa hiyo gari lililobebwa Houston saa tano usiku lisifike saa tano asubuhi inayofuata likiwa bado yadi. Oakland ungeweza kulala, ukaamka, ukanywa chai.

Yadi ya California iwe ndani ya maili 10 kutoka gari lilipobebwa. Kote kuwili lazima wapokee pesa taslimu na kadi, hivyo anayekuambia "cash tu" amekwishakupa hoja ya kwanza; mwombe aiandike. Dai ankara yenye mchanganuo: kuvuta kiasi gani, kuhifadhi siku ngapi, na vile vijiada vyenye majina ya ajabu. Piga picha gari pande zote kabla ya kuliwasha, kwa sababu mkwaruzo ukiugundua nyumbani utaambiwa ulikuja nao.

Na yule aliyetaka tuite polisi? Hakukosea kabisa. California kampuni lazima iwaarifu polisi wa pale ndani ya dakika 60 tangu gari litoke kwenye eneo, au dakika 15 tangu lifike yadi, kutegemea kipi kinatangulia. Texas yadi ina saa mbili. Basi polisi watakuambia gari liko wapi na kwamba halikuibwa. Zaidi ya hapo usitarajie mengi usiku huo. Watakuambia ni suala la madai.

Sasa kudai: hapa ndipo pa kuchagua

Texas ina milango mitatu na lazima uijue tofauti yake.

Wa kwanza ni shauri maalumu la gari kuvutwa, mbele ya mahakama ndogo ya kaunti inayoendeshwa na mlinzi wa amani. Watanzania wanalijua jina hilo kwa yule anayeandika maelezo ya watuhumiwa; huyu wa Texas anasikiliza kesi kabisa. Ombi la maandishi lifike mahakamani kabla ya siku ya 14 tangu gari kuvutwa, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ndani ya ombi lako unaweka picha zinazoonyesha kibao kilipo na maneno yake, au tamko kwamba hapakuwa na kibao. Sheria yenyewe inazidai, ndiyo maana nilikutuma utembee kwanza. Kesi husikilizwa ndani ya takriban wiki tatu. Mzigo wa kuthibitisha uko kwako. Ukishinda unarudishiwa ulicholipa, na hata gharama ya kusafisha picha. Ukishindwa, gharama za kesi zinaweza kukuangukia.

Wa pili ni madai ya kawaida katika mahakama hizohizo, zinazosikiliza madai hadi dola 20,000. Huu ni mrefu zaidi lakini una meno: kampuni au mwenye eneo aliyevunja sheria kwa kusudi, kwa kujua au kwa kutojali anadaiwa dola 1,000 na juu yake mara tatu ya ada zote. Ugumu uko kwenye hayo maneno "kwa kusudi". Kibao kilichopungua inchi moja peke yake ni uzembe. Kibao hakipo, uliwaandikia, wakaendelea kubeba magari: hiyo ni habari nyingine.

Wa tatu ni malalamiko kwa TDLR, idara ya jimbo inayotoa leseni kwa kampuni, madereva wa brekdauni na yadi. Huhitaji wakili wala ada. Haulengi kukurudishia pesa haraka, ila unagusa leseni, na kwa kampuni hizi leseni ndiyo roho.

California haina shauri maalumu la namna hiyo kwa gari lililobebwa kwenye eneo binafsi. Unakwenda mahakama ya madai madogo, ambako mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500 tangu mwaka 2024, ada ya kufungua ni kati ya dola 30 na 75, na mawakili hawaruhusiwi kukutetea wala kumtetea mpinzani wako. Kabla ya hapo mwandikie mdaiwa barua ya kudai pesa zako, na uhifadhi nakala.

Jambo linalowachanganya wengi kule ni nani wa kumshtaki. Kasoro ya kibao inamwangukia mwenye eneo, na ni yeye anayedaiwa mara mbili ya gharama. Ada iliyozidi kiwango kinachokubalika inamwangukia aliyeitoza, na hapo ni mara nne. Ukimshtaki wa brekdauni kwa kosa la kibao, umegonga mlango wa jirani. Mimi niliwaita wote wawili, nikamwachia hakimu agawe. Tena, kutoza kupita kiasi kwa kujua ni kosa la jinai California, lenye faini hadi dola 2,500 au jela hadi miezi mitatu. Barua yako ikitaja hilo kwa adabu, majibu huja haraka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Texas mwenye hasara ya kawaida na picha safi ya lango lisilo na kibao: chukua mlango wa kwanza, upesi, na TDLR ufuate baadaye. Mlango wa pili uache kwa kampuni sugu, au gari likiharibiwa. Wewe wa California, karatasi ya idhini ndiyo silaha yako. Usiondoke yadi bila nakala, kisha huna haraka ya siku 14 bali una kazi ya kuandika barua vizuri.

Turudi matangani. Apatimenti ile ina malango mawili. La mbele lilikuwa na kibao kizuri, cha dhiraa kamili. La nyuma, ambalo wageni wote walipitia usiku ule, lilikuwa na nguzo tupu yenye matundu mawili ya skrubu. Yule wa tatu, wa "tulipe yaishe", alilipa usiku uleule, akapiga picha ya nguzo, akapeleka ombi siku ya saba, akarudishiwa pesa zake zote. Wa pili alifuata siku mbili baadaye, naye akarudishiwa. Wa nne alisubiri barua ya kumlipa mara mbili, ya sheria ya jimbo lingine, hadi siku zikaisha. Wa kwanza bado anagomba. Alipopita pale mwezi uliofuata, ile nguzo tupu ilikuwa na kibao kipya, kimeng'aa, futi 6 kutoka ardhini.